Mombasa Ndani ya Mashine Moja: Uchambuzi wa Mikataba ya Uchapishaji wa Michezo ya Video

Mwezi wa Septemba mwaka 2009 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wa video uitwao Halo 3: ODST, ambao kisa chake, kilichotungwa na mafundi wa kampuni ya Bungie huko Marekani, hupita karibu chote katika mji wa Mombasa, si Mombasa hii tuijuayo, bali Mombasa Mpya ya mwaka 2552, yenye mnara wa lifti upandao kutoka ardhini mpaka nje ya anga, na ambayo hata hivyo imehifadhi majina ya mitaa yetu, Kizingo na Kikowani yakiwa miongoni mwao. Miaka mitano kabla ya hapo, Novemba 2004, mchezo wa Halo 2 ulikuwa umekwisha kumtembeza mchezaji katika vichochoro vya Mombasa ya Kale, kisha ukamvusha daraja kuingia mji mpya, na kwa njia hiyo mamilioni ya watu wasiopata kuikanyaga pwani yetu walilijua jina la mji wetu. Lakini kijana wa Kibokoni au wa Kuze aliyetamani kuuona mji wake jinsi wageni walivyoudhania utakavyokuwa baada ya karne tano, ikiwa mashine aliyoizoea ni PlayStation ya kampuni ya Sony, ambayo ndiyo iliyotawala katika vyumba vingi vya michezo vya kisiwani, hakuwa na mlango wa kuuingilia mji huo. Sharti apate Xbox, mashine ya Microsoft, au abaki kusimuliwa.

Aghalabu watu wakiulizwa kwa nini mchezo fulani hupatikana katika mashine hii na haupatikani katika ile, hutoa mojawapo ya majibu mawili: ama kwamba mashine zatofautiana kwa maumbile, hata kazi iliyotengenezwa kwa hii haiwezi kukaa katika ile, ama kwamba watengenezaji wana mapenzi na kampuni moja kuliko nyingine. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, wala hakuna hata moja litoshalo. Kuhamisha mchezo kutoka mashine moja kwenda nyingine ni kazi ya gharama, lakini ni kazi ifanywayo kila mwaka. Na ama mapenzi, hayo hayawezi kulipa mishahara ya mafundi mia kwa muda wa miaka minne. Jibu lenye kutosha limeandikwa katika mkataba wa uchapishaji, na mwenye kutaka kuufahamu mkataba huo na aanze kwa kuuliza swali moja: huyu anayetoa fedha, riziki yake ni kuuza michezo, au ni kuuza mashine?

Katika biashara hii mna watu watatu. Wa kwanza ni mtengenezaji, yaani kundi la mafundi, wachoraji, waandishi na wanamuziki watungao mchezo. Wa pili ni mchapishaji, ambaye hutoa arbuni ya kugharimia kazi hiyo, huutangaza mchezo ukamilikapo, huusambaza, kisha hujirudishia kwanza fedha alizotoa kabla mtengenezaji hajaanza kuonja mrabaha wake. Wa tatu ni mwenye mashine, naye leo ni Sony, Nintendo au Microsoft, ambaye bila idhini yake hakuna mchezo uwezao kufunguka katika mashine yake, na ambaye kwa kila nakala inayouzwa katika duka lake la mtandaoni hukata fungu ambalo kwa desturi limekuwa asilimia 30. Ni muhimu kujua pia kwamba mashine yenyewe mara nyingi haina faida: mwezi Mei mwaka 2021, katika kesi baina ya kampuni za Epic na Apple, ofisa wa Microsoft aitwaye Lori Wright aliiambia mahakama kwamba kampuni yake haijapata kamwe faida kwa kuuza mashine za Xbox. Mashine, basi, ni mlango tu, na fedha hupatikana kwa wale waliokwisha kuingia. Ndiyo sababu mwenye mlango huwa tayari kutoa mali nyingi ili kitu kinachopendwa na watu kiwe ndani ya nyumba yake na kisiwe ndani ya nyumba ya jirani.

Mambo hayakuwa lazima yawe hivi, na historia ya muziki wetu wenyewe yashuhudia. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya gramafoni yenye nembo ya HMV, na miaka mingi baadaye duka la Assanand hapa Mombasa likatoa santuri za waimbaji wa pwani kwa nembo ya Mzuri. Katika santuri pia mlikuwa na mikataba, tena migumu, na waimbaji wengi walilipwa kidogo kuliko haki yao. Lakini mkataba ule ulimfunga mwimbaji kwa kampuni, haukumfunga msikilizaji kwa chombo. Santuri ya HMV ilizunguka na kuimba katika gramafoni yoyote, awaye yote aliyeitengeneza, na mwenye kununua chombo kimoja alikuwa amenunua ruhusa ya kusikiliza dunia nzima. Ili mchezo wa video usiwe kama santuri, palihitajiwa mambo mawili yaliyoungana: kufuli ndani ya mashine, na sharti ndani ya karatasi.

Hapo mwanzo kufuli hilo halikuwapo. Mashine ya Atari iliyotoka mwaka 1977 ilikubali kila kasha lililoingia katika tundu lake, na mwaka 1979 watungaji wanne walioona kwamba Atari haiwapi heshima wala fungu linalowastahili waliondoka, wakaanzisha pamoja na mfanyabiashara mmoja kampuni ya Activision, iliyokuwa ya kwanza kutengeneza michezo kwa mashine ya mwingine. Atari ilishitaki, na mwaka 1982 shauri likaisha kwa mapatano: Activision iendelee na kazi yake, ila ilipe mrabaha. Mwaka uliofuata soko la Marekani likaporomoka, miongoni mwa sababu zake ikiwa ni wingi wa michezo mibovu iliyotolewa na kila mtu bila ya mwangalizi. Nayo Nintendo, ilipoingia katika soko hilo mwaka 1985, ilikuja na chipu iliyokataa kila kasha lisilokuwa na chipu mwenzake, na pamoja na chipu hiyo ikaja na hati ya idhini yenye masharti mazito: mchapishaji asitoe zaidi ya michezo mitano kwa mwaka, makasha yote yatengenezwe na Nintendo wenyewe kwa malipo ya kutangulia, na mchezo uliotolewa kwa mashine yao usitolewe kwa mashine nyingine mpaka ipite miaka miwili.

Mtu wa Mombasa hahitaji kwenda mbali kupata mfano wa utaratibu huo, maana Wareno wa karne ya 16 walikilazimisha kila chombo chenye kufanya tijara katika Bahari ya Hindi kichukue hati yao iliyoitwa cartaz na kulipa ushuru katika forodha walizozitaka wao, na chombo kisichokuwa na hati kiliweza kutekwa pamoja na shehena yake. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa sehemu ya nguvu ya kuusimamisha utaratibu huo. Bahari haikuwa ya Wareno, wala michezo haikuwa ya Nintendo, lakini katika mambo yote mawili aliyeshika njia alijifanya mshirika katika kila biashara ipitayo. Waliojaribu kupita bila hati walipata hukumu mbalimbali. Kampuni ya Atari Games, iliyoipata siri ya chipu ile kwa kutoa maelezo ya uongo katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, ilishindwa mahakamani mwaka 1992. Na mwaka huo huo kampuni ya Accolade, iliyoichunguza mashine ya Sega kwa jitihada yake yenyewe ili michezo yake ifunguke humo, iliungwa mkono na mahakama ya rufaa, ikasemwa kwamba uchunguzi wa namna hiyo ni matumizi ya haki. Katika miaka hiyo masharti ya Nintendo yalikuwa yamekwisha kulegea, na ule upekee wa jumla, uliowafunga wachapishaji wote kwa pamoja, ukapisha upekee wa kununuliwa, mchezo kwa mchezo.

Upekee huu wa kununuliwa ndio tulio nao leo, nao una daraja zake. Daraja ya juu ni mwenye mashine kumnunua mtengenezaji mzima, kama Sony ilivyowanunua Insomniac mwaka 2019, baada ya mafanikio ya mchezo wao wa Spider-Man. Daraja ya pili ni mwenye mashine kuwa mchapishaji, atoe fedha zote na kuchukua haki ya kutoa, huku mtengenezaji akibaki huru. Daraja ya tatu ni kununua muda tu: mwaka 1997 Sony ilipatana na wachapishaji Eidos kwamba michezo ya Tomb Raider isitokee katika mashine za washindani mpaka mwaka 2000, na baada ya miaka mingi Microsoft ikafanya mfano wa hayo kwa mchezo wa Rise of the Tomb Raider, uliotoka katika Xbox Novemba 2015 na haukuwafikia wenye PlayStation mpaka Oktoba 2016. Daraja ya chini ni kununua kipande: mchezo hutoka kila mahali, lakini silaha fulani au ramani fulani huwekwa kwa wenye mashine moja kwa muda. Mwenye kuzipanga daraja hizi mbele yake ataona kwamba bei hupanda kwa kadiri ya hatari anayoibeba mnunuzi, na kwamba kila mnunuzi anapobeba hatari kubwa zaidi ndipo anapopata haki ya kumfungia mlango mwenziwe kwa muda mrefu zaidi.

Kisa cha Halo, kwa kuwa kimepitia karibu daraja zote hizo, chatosha kuwa darasa. Mwezi Julai mwaka 1999 mchezo huo ulitangazwa na Steve Jobs mwenyewe, katika maonyesho ya kompyuta za Apple, na lau kwamba mambo yangaliendelea vile, huenda Mombasa Mpya ingalijengwa ndani ya kompyuta za Apple. Lakini Juni 2000 Microsoft, iliyokuwa ikitengeneza mashine yake ya kwanza na haina mchezo wa kuwavutia watu, iliinunua Bungie, na Novemba 2001 Halo ikatoka pamoja na Xbox, ikawa ndiyo sababu ya wengi kuinunua mashine hiyo. Mwaka 2007 Bungie walijikomboa wakawa kampuni huru tena, ila kwa sharti moja zito: jina la Halo na kila kilichomo, ikiwa pamoja na mji ule wa Mombasa, kilibaki kwa Microsoft. Watungaji walitoka mlangoni, na utungo wao ukabaki ndani.

Somo hilo hawakulisahau. Mwezi Aprili mwaka 2010 Bungie walifunga mkataba wa miaka kumi na Activision, na mkataba huo, ambao kwa kawaida ungalikaa kabatini, ulifichuka mwaka 2012 kwa kuletwa mahakamani katika kesi ya watu wengine. Ndani yake mlionekana kwamba hakimiliki ya mchezo mpya, uliokuja kuitwa Destiny, itabaki kwa Bungie, na kwamba mashine zitakazopokea mchezo zimetajwa kwa majina na kwa wakati wake, mpango wa mwanzo ukiwa ni kutangulia Xbox. Ulipotoka Septemba 2014, ulitoka kwa Xbox na PlayStation kwa siku moja, kwa sababu Activision haikuwa na mashine ya kuuza na haikuwa na faida ya kumfukuza mteja yeyote; lakini palikuwa na kipande kilichouzwa, na kipande hicho mara hii kilikwenda kwa Sony. Mwaka 2019 Bungie na Activision waliachana, nayo Bungie ikaondoka na Destiny yake mkononi. Mwaka 2022 Sony ikainunua Bungie kwa dola bilioni 3.6, na hata hapo ilitangazwa kwamba michezo yao itaendelea kutoka katika mashine zote. Na Oktoba 2025 Microsoft ikatangaza kwamba Halo ya kwanza, iliyotengenezwa upya, itatolewa pia kwa PlayStation. Kufuli lililokaa zaidi ya miaka 20 halikuvunjwa na fundi yeyote. Mwenye ufunguo alipiga hesabu upya, akaona kuuza mchezo kwamlipa kuliko kuulinda mlango.

Mifano mingine yathibitisha kanuni hiyo hiyo. Mass Effect, mchezo wa kampuni ya BioWare, ulitoka mwaka 2007 ukiwa umechapishwa na Microsoft, nao ukakaa mbali na PlayStation. Baadaye BioWare ikamilikiwa na Electronic Arts, isiyouza mashine, na sehemu ya pili ya kisa ikawafikia wenye PlayStation 3 mwaka 2011, hali sehemu ya kwanza haikuwafikia mpaka mwisho wa mwaka 2012, hata ikawa watu wamesoma kitabu kutoka katikati. Alan Wake wa kampuni ya Remedy ulichapishwa na Microsoft mwaka 2010. Mwaka 2019 haki ya uchapishaji ikarudi kwa watungaji wenyewe, na mwaka 2021 mchezo ukatolewa upya kwa PlayStation. Katika visa vyote viwili haki ya uchapishaji, fedha na sahihi zilihama kwanza, na mashine ikafuata.

Insafu yatutaka tuseme pia upande wa pili, maana upekee haukosi wema wake. Bayonetta ya kwanza, iliyochapishwa na Sega mwaka 2009, ilitoka katika mashine mbili, lakini Sega haikutaka kugharimia ya pili, na ni Nintendo iliyotoa fedha ikazaliwa Bayonetta 2 mwaka 2014, katika mashine ya Wii U peke yake. Wapenzi wa kisa hicho waliokuwa na mashine nyingine walilalamika, na malalamiko yao yafahamika. Ila jambo lililokuwa mbele yao halikuwa kuchagua baina ya mchezo wa wote na mchezo wa baadhi, bali baina ya mchezo wa baadhi na kutokuwapo kabisa. Haifai, basi, kumlaumu kwa sauti moja aliyegharimia kazi isiyokuwa na mlezi na aliyelipa ili kazi iliyokwisha kupata mlezi izuiwe isiwafikie wengine. Wa kwanza ameongeza kitu duniani. Wa pili amepunguza.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowashughulisha watawala na mahakama Microsoft ilipotangaza, Januari 2022, kuinunua Activision kwa dola bilioni 68.7. Sony ililalamika kwamba Call of Duty, mchezo wa Activision, huenda ikafungiwa ndani ya Xbox. Microsoft nayo ikawaambia watawala wa Brazil kwamba Sony hulipa watengenezaji ili michezo yao isiingie katika huduma ya Microsoft ya kukodi michezo. Kila mmoja alikuwa akimshitaki mwenziwe kwa desturi ambayo wote wawili wameitumia. Mwezi Julai 2023 jaji Jacqueline Scott Corley alikataa kuuzuia ununuzi huo, baada ya siku chache Microsoft na Sony zikatia sahihi mkataba wa miaka 10 wa kuiacha Call of Duty katika PlayStation, na Oktoba ununuzi ukakamilika. Hapo serikali, kwa woga wa kufungwa kwa mlango mmoja, ilisaidia kuzaa mkataba wa kuuweka wazi. Nalo ni jambo jema la kukumbukwa, kwamba karatasi iliyotumiwa kufungia yaweza kutumiwa kufungulia.

Vijana wetu wa vyumba vya michezo, hata wale wasiopata kusikia neno hakimiliki, wameuonja mkataba wa upekee katika mchezo waupendao kuliko yote, yaani mpira. Kwa kuwa Electronic Arts ilikuwa imenunua haki ya pekee ya Ligi Kuu ya Uingereza, wachezaji wa PES, mchezo wa mshindani wake Konami, walikuta Arsenal ikiitwa North London na Manchester United ikiitwa Man Red. Na Konami ilipoinunua haki ya pekee ya Juventus, ikawa zamu ya FIFA 20, mchezo wa Electronic Arts, kuiita klabu hiyo Piemonte Calcio. Wachezaji walikuwa wale wale, ila jina lilikuwa limekwenda kwa mwenye karatasi.

Tena kuna upekee wa aina nyingine utugusao sisi kuliko watu wa ng'ambo, nao ni upekee wa nchi. Mwezi Mei mwaka 2024 Sony iliamuru kwamba wachezaji wa mchezo wa Helldivers 2 walioununua kwa kompyuta sharti wajiunge na mtandao wa PlayStation, na mara moja mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu nchi hizo hazimo katika orodha ya mtandao huo. Afrika karibu nzima, Kenya ikiwamo, ilikuwa nje. Amri ilifutwa baada ya siku chache kwa kelele za wachezaji, lakini ilikuwa imekwisha kudhihirisha hali tuliyoizoea hata hatuioni: wengi wetu hununua mashine kwa bei ya mishahara ya miezi, kisha hujiandikisha kwa anwani ya nchi isiyo yetu ili mashine hiyo itukubali. Kwa mtu wa namna hiyo, kuambiwa anunue na mashine ya pili kwa ajili ya mchezo mmoja ni sawa na kunyimwa, na kila mkataba wa upekee uandikwao ng'ambo humlemea yeye kuliko umlemeavyo aliyeuandika.

Lakini pana habari njema, nayo yahusu lugha yetu. Aprili 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, uliotungwa na kampuni ya Surgent ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliutunga kwa huzuni ya kumpoteza baba yake, akaujenga juu ya masimulizi ya Kibantu, na akauwekea sauti za Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho kwa atakaye kuuchezea katika lugha hiyo. Mchezo huo ulitoka siku moja kwa PlayStation 5, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta, na sababu ya kutoka hivyo ni ile ile tuliyoitafuta tangu mwanzo: mchapishaji wake, Electronic Arts, huuza michezo, hauzi mashine. Sisemi kwamba mchapishaji wa namna hiyo ni dawa ya kila dhiki. Mwaka uo huo Surgent ililazimika kutangaza kupunguza wafanyakazi, na uhuru wa mashine haukuwa dhamana ya riziki. Nasema tu kwamba Kiswahili kilipoingia katika mchezo ule kiliweza kumfikia mwenye mashine yoyote, hali Mombasa ya Halo ilikaa miaka katika nyumba moja.

Vijana wa kisiwa hiki na wa mwambao wote sasa wanajifunza kutunga michezo, na ni matumaini yangu makubwa kwamba atatokea mmoja wao wa kuijenga Mombasa kwa macho ya aliyezaliwa humo. Siku hiyo atajiwa na mtu mwenye fedha na karatasi, na hapatakuwa na aibu kuzipokea fedha hizo, hata zikitoka kwa mwenye mashine. Ila na aisome karatasi kabla ya kutia sahihi: jina na hakimiliki vibaki kwake, kama Bungie walivyojifunza mara ya pili, upekee, ukiwa hauna budi, uuzwe kwa muda wenye mwisho ulioandikwa kwa tarehe, mashine na nchi zitakazopokea mchezo zitajwe moja moja, na Kenya iwe miongoni mwa nchi hizo, na haki ya uchapishaji irudi kwake muda ukiisha, kama ilivyorudi kwa Remedy. Mwenye kuandikiana hivyo aweza kula fedha ya mwenye mashine bila ya kumwachia mji wake.